Kuongea Kabla ya Kukatwa

Corona ilipofunga shule, wakubwa wa Lodwar walitangaza kwamba masomo yataendelea. Walimaanisha redio. Shirika moja la Kakuma likagawa redio ndogo za sola, likapiga picha, likaondoka. Mimi nilikuwa nimerudishwa nyumbani kutoka chuo kikuu, nikamfuata mama huko Kalokol, kando ya Ziwa Turkana, anakokausha samaki. Huko ndiko nilikoyasikia hayo masomo ya Kiingereza.

Bwana fulani ndani ya studio aliuliza swali, akanyamaza kidogo ili watoto wajibu, kisha akasema, "Vizuri sana." Hakuwa anamsikia mtoto yeyote. Mbuzi angelia hapo, angesifiwa vilevile. Na watu wazima wenye mishahara walikaa mezani wakakubaliana kuliita jambo hili kufundisha.

Watoto walilielewa upesi kuliko wao. Mdogo wangu, aliyekuwa darasa la nane, na wenzake waligeuza ule ukimya kuwa mchezo. Ilibidi ujibu na umalize kabla bwana hajarudi. Akikukata katikati umeshindwa, unaenda kugeuza samaki juani.

"Mzee wa redio amekukata wewe. Enda kwa samaki."

"Hajanikata. Amekohoa tu."

Hivyo ndivyo walivyojifunza Kiingereza: sentensi fupi za mbio, halafu kimya, kungoja sifa.

Shule zilipofunguliwa, shirika lilelile lilitangaza nafasi za kusomeshwa katika sekondari ya bweni. Kwa mdogo wangu ilikuwa hiyo au kubaki na samaki. Nikamsindikiza Kakuma kwenye usaili. Madam mwenye barakoa kidevuni alimwambia kwa Kiingereza ajieleze. Mdogo wangu akataja jina, anakotoka na somo analolipenda, kwa pumzi moja, akanyamaza. Madam akangoja. Yeye pia akangoja.

"Hawa watoto wa corona wameharibika kabisa," madam alimwambia mwenzake, kana kwamba sisi hatupo. Akashika kalamu.

"Madam, mwambie vizuri sana, ataendelea," nikasema.

"Nimsifie nini na hajasema kitu?"

"Redio yenu ilimsifu hata akiwa amelala."

Mwenzake, kijana wa kwetu, akacheka, akamwambia mdogo wangu "vizuri sana" kwa Kiingereza. Basi mdogo wangu akafunguka. Alieleza samaki anavyopasuliwa na kutiwa chumvi, malori yanavyochelewa hadi mzigo unaoza, na jinsi yeye angeupanga usafiri huo kama angesoma. Madam akainua mkono kumkatiza.

"Bado sijamaliza," mdogo wangu akamwambia, akaendelea bila kungoja kusifiwa na mtu.

Nafasi alipata. Madam alitupongeza, ila zaidi alijipongeza mwenyewe: mradi wa redio, alisema, umezaa matunda. Mdogo wangu akamuuliza kama huko shuleni kutakuwa na mwalimu. Madam akacheka, akidhani ni mzaha.