Uzi wa Ijumaa

Kazi yangu ya mshahara ilikuwa kuangalia kompyuta nne za intaneti kafe pale Kilwa Masoko, miaka ile ya soko huria ambapo kila mwenye fremu ya duka alijaribu biashara yoyote. Kazi ya moyoni ilikuwa jukwaa la Kiswahili la wapenzi wa anime, zile katuni za Kijapani. Moda, yaani msimamizi, nilikuwa mimi. Kila Ijumaa baada ya sala nilifungua uzi mpya wa kujadili sehemu ya wiki, na sheria ilikuwa moja: kabla ya hapo husimulii kitu. Sidii za katuni zilikuja na basi kutoka Dar, na wenzetu wa kisiwa cha Songo Songo walisubiri boti. Mwenye kuwaharibia utamu nilimfuta bila kumwonea haya. Walinichukia, sikujali.

Mchangiaji niliyempenda kuliko wote aliandika kwa utaratibu. Alianza na salamu nzima, akabashiri mpiga upanga wa katuni atafanya nini, akamaliza kwa "Wallahu aalam". Nilimjua, maana aliandikia kwenye kompyuta ya pembeni pale pale kwangu. Alikuwa ustadhi wa madrasa ya mtaani. Kamati ya madrasa ilikuwa imewakataza watoto kwenda mabanda ya video kutazama katuni hizo hizo, na yeye ndiye aliyepewa kulitangaza katazo hilo. Akijulikana, hana madrasa tena.

Alhamisi moja nilimfuta kijana wa Dar aliyemwaga mtama wote. Ustadhi akaniunga mkono, akaandika kwamba watu wa kisiwani nao wana haki yao. Kijana akapandwa na mori. Kesho yake, nilipofungua uzi, jibu la kwanza lilikuwa lake: "Huyu wa wallahu aalam namjua. Kanifundisha Juzuu Amma. Ni ustadhi huko huko Kilwa Masoko, anawakataza watoto anachotazama mwenyewe. Mnafiki."

Nikabofya kufuta. Intaneti yetu ilipita kwenye waya wa simu, na ikiamua kuvuta miguu huna la kuifanya. Nikamtupia jicho ustadhi. Alikuwa amenipa mgongo, anaandika. Hapo hapo akaingia katibu wa kamati ya madrasa, kaja kusoma barua pepe ya mwanawe aliyeko Maskati.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ipo mashine?"

Ilikuwepo moja, kioo kinawaka. Lakini ukurasa wa kwanza kwenye kompyuta zote niliuweka mimi, kwa majivuno yangu: jukwaa letu, uzi mpya juu kabisa.

"Subiri kidogo, mzee. Ile inasumbua."

"Mbona naiona inawaka?"

"Inawaka, lakini inasumbua."

Akaketi kwenye benchi, macho kwenye kile kioo. Nilimlaani kijana wa Dar, nikaulaani na waya wa simu. Ujumbe ule mmoja ukakataa kufutika, nikaona isiwe tabu, nikaamuru uzi mzima uondoke. Nikangoja. Katibu akakohoa, akaanza kuinuka. Kisha ukurasa ukafunguka mweupe, hakuna uzi, hakuna mnafiki. Nikashusha pumzi.

Ustadhi akaja mezani kwangu.

"Dada, uzi umekwenda wapi?"

"Nimeufuta," nikamnong'oneza. "Yule kijana alikutaja. Usijali, hakuna aliyeona."

"Niliusoma ujumbe wake. Na jibu langu?"

"Jibu gani, ustadhi?"

"Nilishalituma. Nimeandika kwamba ni kweli, ni mimi, na kwamba wale watoto nitawataka radhi."

Moyo uliniuma, maana kwa dakika chache alikuwa amekwisha kulitua lile zigo, nami kwa kufuta uzi nimemtwika upya. Akamtazama katibu, akanirudia.

"Basi itabidi niseme kwa mdomo."

Nilitamani kumshika kanzu. Akaenda kukaa kwenye benchi, karibu na katibu.