Mganga Mihayo na Mgeni wa Usha

Mjini Kahama, ukitaka kumchekesha hata mtu aliye msibani, mtajie Mihayo wa Nyahanga. Alikuwa mganga wa kupasua kuku. Unamletea kifaranga, unamtemea huyo kifaranga mate mdomoni ili akubebee shida yako, kisha Mihayo anampasua na kusoma ndani. Alisoma kwa bidii, na sikumpata mtu aliyekumbuka siku alipopatia. Wachimbaji wa dhahabu kule Geita walichimba pale alipowaonyesha wakapata maji, tena ya chumvi. Mtu aliyepotelewa na mbuzi aliambiwa amfuate Tabora, kumbe mbuzi yuko nyuma ya nyumba ya Mihayo mwenyewe, anatafuna mizizi ya dawa iliyoanikwa.

Habari hii Usha, mwenye duka la vitenge, alinisimulia kwa Kigujarati, na Limi, mjane utakayemkuta mbele, kwa Kisukuma. Mihayo alinisimulia kwa lugha zote anazozijua, na kila alipobadili lugha, mapanga katika kisa yaliongezeka.

Ilikuwa mwaka 1996. Gaurav, mpwa wa Usha, alifika kutoka Uingereza na kamera mbili, akitaka kuona machimbo ya Geita. Kiswahili alikuwa nacho, kile alichokipata kwa mama yake, cha dukani. Mihayo alijitolea kumwongoza, na Usha akakubali.

"Uganga hajui," aliniambia, "lakini hana ubaya na mtu."

Siku ya safari Mihayo alivaa kiganga, shanga tele na usinga mkononi. Kisha akampandisha mgeni kwenye lori la pamba lililokuwa linaelekea upande mwingine kabisa.

"Mzee, mbona jua liko upande huu?" Gaurav aliuliza baada ya mwendo mrefu.

"Jua nalo hukosea."

Walishushwa katika kijiji kimoja mbele ya Kagongwa. Uani kwa mkulima aitwaye Pantaleo palikuwa pamejaa watu. Ng'ombe wake walikuwa wamekufa, karibu zizi zima, na kila mtu alikwisha kuamua nani kawaua: Limi, mjane wa jirani, mwenye macho mekundu. Kuni zilikuwa zimeadimika, na bibi huyu alikuwa amepikia samadi kavu miaka mingi, moshi ukamwingia machoni. Lakini enzi zile, sehemu zile, mwanamke mzee mwenye macho kama yale akitajwa hata na mganga mmoja tu, asubuhi hakuamka, amekatwa mapanga usiku. Limi alikuwa ameketishwa mavumbini, kanga kichwani. Walikuwa wanamsubiri mganga. Na mganga, shanga na usinga, akashuka kwenye lori.

"Kuku huyu hapa, mfumu," Pantaleo alisema, akimwita mganga kwa Kisukuma. "Mate nimeshamtemea. Tusomee."

Mihayo alimpasua kuku. Ndani hakuona kitu, kama kawaida yake. Alipoinua macho ndipo alipoona kitu: Ignas, shemeji yake Pantaleo, mmoja wa wale wachimbaji wa maji ya chumvi. Hapo akakwama. Akisema bibi hana hatia, Ignas atawaambia kwamba maneno ya Mihayo siku zote ni kinyume, na Limi atakufa. Akisema ana hatia, wasiomjua Mihayo watamvamia bibi kabla Ignas hajafungua mdomo.

"Kuku anasemaje?" Pantaleo aliuliza.

"Anasema mchawi yupo hapa uani."

Gaurav alimshika mkono. "Mzee, tuondoke."

"Tulia, mwanangu." Mihayo akamwinua kuku juu, watu wote wamwone. "Mchawi ni mimi. Ng'ombe hawa nimewaroga mimi, kutoka Nyahanga."

Wenye mapanga wakamsogelea. Kisha Ignas akaanza kucheka, kicheko kirefu cha mtu anayekumbuka kazi nzito ya bure.

"Huyu? Shemeji, huyu ni Mihayo wa maji ya chumvi. Huyu hawezi kumroga hata huyo kuku aliyemshika."

"Nimewaroga," Mihayo alisema, sasa kwa hasira ya kweli.

"Kwa dawa gani?"

"Dawa yangu."

"Ile uliyotunywesha machimboni tukaitapika? Tungeikuta imemwagika zizi zima. Shemeji, ng'ombe wako wamekufa kwa ndigana, ugonjwa wa kupe. Kamwite bwana mifugo."

Pantaleo hakucheka. Lakini watu wake walikwisha kuweka mapanga chini ili washike mbavu. Gaurav alimwinua Limi, akamwambia kwa kile Kiswahili chake cha dukani, "Karibu mama, karibu, panda gari," na wote watatu wakarudi Kahama na lori lile lile, lililokuwa limeshapakia pamba kijijini. Geita Gaurav hakuiona. Picha hakupiga hata moja.

Nimeongozwa Kairo, Varanasi na Lisbon na watu waliojua kila jiwe, na ninawashukuru. Lakini mtu ambaye ningependa kupotea naye ni Mihayo.

Nilimkuta Limi miaka mitatu baadaye, katika chumba alichopewa nyuma ya duka la Usha, akimenya karanga. Macho yalikuwa meupe, wekundu umetoka. Moshi hakuna tena, Usha anapikia mafuta ya taa. Mihayo aliingia na kibuyu.

"Shikamoo, mayu," akasema, yaani mama. "Dawa ya leo."

"Marahaba."

Alipokuwa anafungua kibuyu nilimuuliza Limi kwa sauti ya chini kama inamsaidia.

"Haisaidii chochote," alisema.

Akainywa yote, chungu hivyo hivyo, akafuta mdomo kwa kanga.

"Wabeja, mwanangu," akamshukuru, na Mihayo akapokea kibuyu kwa mikono miwili.