Pingamizi la Mama

Kibao kilisimikwa kwenye kiwanja cha jirani wiki tuliyokuwa tunavuna ulezi. Kilisema mwenye kiwanja anaomba kubadili matumizi ya ardhi, kutoka makazi kwenda biashara, ajenge mashine ya kusaga nafaka. Mwenye pingamizi alilete kwa maandishi kabla ya tarehe iliyotajwa. Mama alikisoma mara mbili, mtandio umeziba pua. Ana pumu tangu nikiwa mdogo, na dirisha la chumba anacholala linatazama kiwanja kile. Akaniambia, "Wewe ndiye mwalimu. Andika."

Nikaandika ukurasa mmoja: kifua chake, dirisha lake, nyumba aliyoletwa akiwa bibi harusi. Akatia sahihi polepole, herufi moja moja.

Kwetu barua ya serikali hairuki ngazi, inaanzia kwa mwenyekiti wa mtaa. Wetu ni mzee aliyelibeba jeneza la baba. Nilimwamkia shikamoo, nikampa bahasha kwa mikono miwili. "Marahaba. Nitaifikisha mwenyewe, mwanangu," akasema, akaitia mfukoni mwa koti. Mkobani nilikuwa na nakala ya pili, ya yeye kusaini kwamba amepokea. Sikuitoa. Kumdai mzee wa namna ile sahihi ni sawa na kumwita mwizi. Nikamshukuru, nikarudi shambani kwenye ulezi.

Kibali kikatoka. Nilipokwenda ofisi ya ardhi niliambiwa hakuna pingamizi lililopokelewa. "Nakala yako yenye muhuri iko wapi?" aliuliza dada wa masijala, tena bila ubaya wowote. Nilimwonyesha niliyokuwa nayo, safi, haina hata doa la wino. Mwenyekiti akaapa kwamba barua aliiacha mezani kwa ofisa mmoja. Ofisa huyo alikuwa ameshahamishwa.

Niliwachukia wote, na sijaacha. Halmashauri gani inaweka tangazo wakati watu wako mashambani, halafu inasema wananchi walikaa kimya? Hata mtu mmoja hakuja kuangalia dirisha linatazama wapi. Lakini nikikaa peke yangu hasira hiyo hunigeukia. Adabu yangu ndiyo iliyomponza mama.

Mashine ikaanza kunguruma. Pumba zikatua kwenye shuka zake, kwenye maji ya kunywa, kwenye rozari. Dirisha tukaliziba kwa nailoni, akawa analala gizani mchana kweupe na bado anakohoa. Alipolazwa mara ya pili, dada yangu alikuja kumchukua akakae naye Namanyere. Mimi naishi nyumba ya shule, kwa hiyo pale nyumbani hapakubaki mtu. Asubuhi ya safari mama alifagia uwanja wote, hadi nyuma ya jiko, basi likakaribia kutuacha.

Nikaanza kuandika malalamiko. La kwanza, la pili, la tatu. Safari hii kila nakala ilipigwa muhuri nikitazama, mpokeaji awe mzee awe kijana, aibu nimeiacha mlangoni. Niliandika kwa jina la mama, kwa kuwa pumu ni yake na nyumba ni yake.

Jibu lilikuja baada ya misimu miwili ya mvua kupita. Nililipeleka Namanyere bila kulifungua. Mama alikuwa uani kwa dada, anaota jua, maana upepo wa Ufipa haumwachi hata huko. Akataka nimsomee.

Lilisema ofisi imepokea malalamiko na kuyafanyia kazi. Hata hivyo, kwa kuwa imebainika mlalamikaji si mkazi wa mtaa husika, haathiriki na shughuli inayolalamikiwa, na jalada limefungwa.

Nilitaka kulichana. Mama akanizuia kwa mkono.

"Hebu rudia hapo pa mkazi."

Nikarudia. Akajifunika khanga mabegani.

"Kumbe nimehama," akasema. "Mimi nilidhani nimekuja kutembea tu."