Sasa Wewe ni Admin

Grupu la familia la WhatsApp alilifungua mama, akiwa kijijini kwake Sepuka, na admin, yaani msimamizi anayeweza kuingiza watu, alikuwa yeye peke yake. Kila asubuhi sisi watoto, tuliotawanyika mijini, tulimwandikia shikamoo, naye alitujibu kwa ujumbe wa sauti, marahaba moja moja, akianzia kwa kaka mkubwa na kumalizia kwangu mimi kitindamimba. Alipofariki hatukuandika tena. Kaka alipooa alitaka mkewe aingizwe, ikashindikana, kwa sababu admin alikuwa kaburini.

Juzi laini ya mama, iliyokaa bila kutumika, ilipewa mtu mwingine. Huyo alipofungua WhatsApp yake kwa namba hiyo, simu zetu zikaandika kwamba mama ametoka kwenye grupu. Nilikasirika. Mama hakutoka, alikufa, na tulimzika wenyewe. Chini yake niliona maneno mengine: sasa wewe ni admin. Simu haijui kwetu nani mkubwa.

Kaka akaandika, "Mdogo wangu, muingize shemeji yako." Nikamuingiza. Kisha nikapandisha juu hadi asubuhi ya mwisho ya mama, nikasikiliza marahaba zake zote. Ya mwisho ilikuwa yangu.