Dawa Ilikataa Kuingia Mwilini mwa Shemeji

Admin, nifichie jina, maana wahusika wengine bado wako hai hapa Sumbawanga. Mimi ni mzee wa miaka sabini na sita, Mfipa, mstaafu. Enzi za vijiji vya Ujamaa nilikuwa mhudumu wa mochwari hospitalini. Jambo hili sijamwambia hata padri.

Dada yangu aliolewa na bwana shamba kutoka Mbeya, wakaishi kijiji kimoja upande wa Mollo. Siku moja mchana, kipindi cha mvua, akamleta mumewe kwenye landrova, ameshafariki. Aliongozana na mwenyekiti wa kijiji, wakitafuta cheti cha kifo. "Kaka, ameanguka leo alfajiri," akaniambia.

Ndugu wa marehemu walipopigiwa simu wakasema lazima azikwe kwao Mbeya. Barabara ya kutoka Mbeya ilikuwa imekatika, kwa hiyo nikaagizwa nimtie dawa asiharibike mpaka wafike. Mwenyekiti akapinga. "Ndugu, tumzike leo leo kijijini. Hao hawafiki."

Nikapasua pajani, nikaingiza mpira kwenye mshipa mkubwa, nikatundika chupa ya formalini juu. Kwa mtu aliyekufa alfajiri, dawa hushuka vizuri. Hii ikasimama. Miguu ilipata kidogo, mikono na uso havikupata kitu. Nikainua chupa zaidi, shingo ikaanza kuvimba. Nikafungua mshipa wa kutolea damu, yakatoka mabonge meusi kama maini. Nikajaribu kwapani, yaleyale. Ndipo nikamwangalia vizuri shemeji yangu. Mwili ulishakakamaa ukalegea tena, na tumbo limeanza kugeuka kijani. Kwa baridi yetu hii ya Ufipa, huyu hakufa leo. Hata kwamba alikufa jana sikuamini.

Nikamwita dada pembeni. "Mumeo amekufa lini?"

Akamtazama mwenyekiti kwanza, ndipo akanijibu, "Kaka, fanya kazi yako."

Nikafanya. Nilimchoma dawa kwa sindano sehemu kwa sehemu, nikamvalisha, nikafunga sanduku. Daktari aliandika ni ugonjwa wa moyo, na mimi nikanyamaza. Mwenyekiti akanishika mkono: "Umetusaidia sana." Mwaka haukuisha akamwoa dada yangu.

Nimejiambia mara nyingi kwamba labda walikwama kwenye tope wakaona aibu kusema. Lakini kwa nini wanidanganye mimi?

Mwenyekiti alishafariki. Dada yuko kitandani, hali yake si nzuri. Wiki iliyopita mwanawe, ambaye baba alimwacha ananyonya, alinijia. "Shikamoo mjomba. Wewe ndiye uliyemhudumia baba. Alikufaje?"

Nikamwambia moyo.

Akaniangalia sana. "Basi mbona mama nikimwuliza analia tu?"

Amesema Jumapili atarudi, na safari hii hataki kudanganywa. Sina ushahidi wowote, nina mashaka yangu tu. Nikisema, nitamgombanisha na mama yake akiwa anakata roho. Nikinyamaza, nitakuwa nimemfungia sanduku baba yake mara ya pili. Ndugu zangu, nishaurini. Nimjibu nini mtoto huyu?