Mwongozo Usiofunguka Kwetu

Kutoka Unguja hadi London nilichukua miaka tisa: Maskati nikiuza simu, Doha nikipanga bohari, Istanbul nikisubiri viza. Elimu yangu ni ya kidato cha nne. Kompyuta nilijifunza mwenyewe. Hata hivyo, ofisi moja ndogo kule Tooting, kusini mwa London, ilinichukua. Walikuwa wakiunda lugha ya programu, yaani lugha ya kuiamuru kompyuta, nami nikapewa kazi ya kuandika mwongozo wa wanaoanza, kwa Kiswahili.

Siku ya kwanza Mkuu wa Nyaraka, mama wa Kiingereza mpole, alituonyesha zana mbili mezani. Zana ya nyaraka ndiyo inayogeuza maandishi matupu kuwa kurasa za kusomwa. Ya kwanza ilitoa faili moja lisilo na pambo. Unalipakua mara moja, basi, unasoma hata bila mtandao. Ya pili ilitoa tovuti ya kupendeza, mifano ikijiendesha humohumo, mradi mtandao usikatike.

"Wewe ndiye unayewajua wasomaji," aliniambia. "Ipi itawafaa?"

Nilikuwa nimeshamwahidi Mwalimu Haji, aliyenifundisha hesabu Unguja, kwamba darasa lake litaanza na mwongozo huu. Nilijua mtandao wao ni wa kuungaunga. Lakini meza nzima ilinitazama, nikaona haya kuonekana nimetoka kwenye dhiki.

"Ya pili," nikasema. "Siku hizi kwetu mtandao uko kila mahali."

Otieno, Mkenya tuliyefanya naye kazi, alinifuata jikoni. "Kila mahali? Wewe jamaa, jana umempigia mamako mara sita ndio simu ishike!"

Nikacheka. Sikurudi kurekebisha.

Mwongozo ulipotoka, Mwalimu alipiga. "Mwanangu, ukurasa haufunguki, unazunguka tu."

Nikamwambia wakubwa wa London ndio waliochagua.

"Basi usijali. Najua uliwapigania. Hata wanafunzi nimewaambia hivyo."

Nilikaa na maneno hayo mwaka mzima, kisha nikaomba kuacha kazi. Siku ya kuondoka London, begi likiwa mlangoni, nilimweleza Mkuu yote.

"Kubadili zana ni kazi ya asubuhi moja," alisema. "Ungeniambia tu."

Jioni ile, nikiwa uwanja wa ndege, ujumbe wa Mwalimu ukaingia: "Faili limefunguka! Nilijua hutawaachia, mwanangu."

Nikamjibu: "Asante, Mwalimu." Sikuongeza neno, na mpaka leo sijaongeza.