Vitambaa Kumi na Vinne vya Bi Mishi

Bi Mishi alikuwa na hasira tangu Ijumaa, na Jumatatu asubuhi hasira hiyo ilivaa buibui ikatoka kwenda shule.

Kikapuni alibeba kitambaa kimoja tu, cha mjukuu wake Subira. Kilikuwa cha duara, cha uzi wa kijani, na upande mmoja kilijikunja kama sikio la mbuzi. Mwalimu alikuwa amekibana kikaratasi kwa pini: “Chini ya matarajio. Mizunguko imekwenda kinyume na mfano.”

Kinyume! Mtu amefuma vitambaa miaka arobaini na mitano, amevisha makochi ya nusu ya Ukunda, halafu kijana aliyezaliwa juzi amwambie mjukuu wake amefuma kinyume. Njia nzima hadi Kona ya Musa alikuwa akisema peke yake, na waliomsalimu aliwaitikia bila kuwatazama.

Maana kazi yake yajulikana. Ukiingia nyumba yoyote mitaa ya nyuma ukaona kiti kimevishwa kitambaa cheupe chenye ukingo wa mawimbi, huna haja ya kuuliza sana, utaambiwa ni mkono wa Mishi. Alifundishwa na mamake huko Msambweni alipokuwa na miaka kumi na sita. Tena ni mkono wa kushoto. Alipokuwa mdogo chuoni, akisomeshwa Kurani, alifungwa mkono huo kwa leso ili aandike kwa wa kulia, akaandika, na mpaka leo chakula na salamu ni kwa wa kulia kama ilivyo adabu. Lakini sindano ya kufumia, ile yenye ncha iliyopinda, ilikataa katakata kuhama. Mamake alimkemea mpaka akachoka, akamwachia Mungu.

Subira alikuwa akiishi naye, kwa kuwa mamake hutandika vitanda katika hoteli moja huko Diani na hurudi nyumbani siku moja kwa wiki. Alikuwa na miaka kumi, Gredi ya Tano, na ingawa jina lake ni Subira, subira yenyewe hakuwa nayo hata ya kumalizia kikombe cha chai. Hesabu za kuzidisha zilikuwa msiba. Umfundishe sita mara tatu leo, kesho imekwisha toka, sawa na kuteka maji kwa pakacha. Kila jioni palikuwa na kilio, na mara nyingine kilio kilikuwa cha wawili.

Ndipo shule ikatoa kazi ya kufanyia nyumbani: kila mtoto afume kitambaa cha duara. Bi Mishi akaona hii ni kazi yake, hapa hakuna wa kumbabaisha. Lakini kumfundisha mtoto wa mkono wa kulia wakati wewe ni wa kushoto si mchezo. Siku mbili walikaa ubavu kwa ubavu, uzi ukawa tambi za futari. Siku ya tatu akamkalisha mbele yake, uso kwa uso, goti kwa goti, akamwambia, “Nitazame kama unavyojitazama kwenye kioo.” Mtoto akashika.

Na duara lina sheria yake. Unaanza na vitanzi sita. Mzunguko wa pili ni kumi na viwili, wa tatu kumi na vinane, wa nne ishirini na vinne, kila mzunguko unaongeza sita. Ukipunguza, kitambaa kinajikunja kuwa bakuli. Ukizidisha, kinafanya marinda. Hakuna wa kukupigia kelele, kitambaa chenyewe kinakuonyesha ulipokosea. Subira alikosea mara nyingi. Alifumua akalia, akafuma tena, na siku moja akainua kichwa akasema, “Bibi, mzunguko wa saba ni arobaini na viwili. Sikuhesabu. Nimejua tu.”

Bi Mishi alijifanya hakusikia, asije akamtia mtoto kijicho. Lakini moyoni alipiga vigelegele. Kufikia wiki ya pili Subira alikuwa akijibu sita mara tisa huku akitafuna muhogo, na alikuwa akikaa kitako saa nzima bila kuinuka, jambo ambalo hata mamake hakuliamini alipolisikia kwa simu. Redioni daktari mmoja alieleza kwa kirefu jinsi kufuma kunavyonoa ubongo: mikono miwili ina kazi, macho yana kazi, kumbukumbu ina kazi, na moyo unatulia ili akili ipate nafasi. Bi Mishi alisonya. “Kasoma miaka yote hiyo kuja kuniambia hilo?”

Sasa, wakati huohuo, wakaanza kuja majirani.

Wa kwanza alikuwa Mercy, muuza mboga wa mlango wa tatu, mamake Mbodze aliye darasa moja na Subira. “Bi Mishi, mwenzio nimezidiwa,” alisema. “Huyu Mbodze wangu hata kushika uzi hajui, na mimi natoka sokoni nimechoka, hata kusimama siwezi. Nisitiri, tafadhali. Kwako hii ni kazi ya dakika.” Mtu akikwambia nisitiri, utamwambia nini? Bi Mishi akamfumia. Akaja mamake Boga, naye asitiriwe. Baadaye wakaja hata wasiojua jina la darasa la mtoto wao. Alifuma vitambaa kumi na vinne. Na ukweli usemwe, kwa kuwa mwenyewe hapendi kuusema: alifurahia. Sifa ni tamu, na kila mama alitoka pale akimsifu.

Ijumaa alama zilipotoka, Subira aliingia nyumbani bila salamu, akakitupa kile kitambaa uvunguni. “Mimi ni mjinga, bibi. Wote wa mtaani wamezidi matarajio. Hata Mbodze. Mimi tu.”

Jumamosi Bi Mishi alimuuliza sita mara nne, hivi hivi, kama mtu aulizaye chumvi iko wapi. Subira akatazama ukuta. “Sijui.” Akamwekea sindano mapajani. Mtoto akaiondoa polepole, kwa adabu, akaiweka sakafuni. Jumapili ikawa vivyo hivyo. Kazi yote ya wiki tatu ilikuwa inamwagika mbele ya macho yake, na hicho ndicho kilichomfanya Bi Mishi avae buibui Jumatatu. Alama ibadilishwe, mtoto arudiwe na akili yake. Hakutaka kingine.

Mwalimu Elijah, kijana mwembamba kutoka Mackinnon Road, alimpokea vizuri. “Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa ajili ya hiki.”

Mwalimu alikitazama kitambaa cha kijani, akatikisa kichwa kwa huruma. “Subira amejitahidi, siwezi kukataa. Lakini ona mwenyewe.” Akamwongoza hadi ukuta wa nyuma wa darasa. “Hiki cha katikati ndicho mfano. Niliomba mzazi mmoja aniletee, akaniletea mapema. Ona mishono inavyolala, inazunguka upande huu. Wenzake wote wamefuata. Yeye peke yake amekwenda upande wa pili. Na mimi si wa kudanganywa, mama. Waliobaki wote walituletea vya dukani, niliwatambua, nikawarudishia.”

Bi Mishi alitazama ukuta. Cha katikati kilikuwa kile alichomfumia Mercy kwanza. Vilivyokizunguka, kumi na vitatu, alivijua kimoja kimoja, mpaka kile cha bluu alichokifuma siku ambayo jino lilimuuma. Vyote vilizunguka kwa kushoto kwa sababu mkono uliovifuma ni wa kushoto. Mtoto mmoja tu katika mtaa mzima alikuwa amefuma kwa mkono wake mwenyewe, na mkono huo ulikuwa wa kulia, na ndiye aliyeambiwa amekosea.

Hasira aliyokuja nayo ilipotea njia. Angemkasirikia nani? Akinyamaza, Subira atabaki mjinga kwa maandishi. Akisema, anawavua nguo wanawake kumi na wanne walioingia kwake wakiomba sitara. Alisimama pale mpaka mwalimu akamuuliza kama ataka kiti.

“Sitaki kiti,” alisema. “Hivi vyote nimevifuma mimi.”

Mwalimu Elijah alicheka kidogo. Bi Mishi hakucheka. Alitoa sindano kikapuni, akachukua uzi uliokuwa juu ya meza, akafuma mizunguko mitatu amesimama, haraka, kwa mkono wa kushoto. Akakiweka kile kipande kidogo kando ya mfano. Mwalimu akakitazama kipande, akautazama ukuta, akaketi yeye kwenye kile kiti.

“Sasa mbadilishie mtoto alama,” Bi Mishi akasema.

“Mama, alama nimeshazituma kwa kompyuta. Mfumo umefungwa.”

“Ufungue.”

“Si mimi niliyeufunga. Na hata ukifunguliwa, hawa kumi na wanne nitawapa nini? Utanisaidia kuwaeleza mama zao?” Akapangusa uso. “Mimi mwenyewe sijui kufuma, mama. Kitabu kinasema nifundishe kufuma. Nina watoto arobaini na wanane na sindano tatu. Nifanyeje?”

“Mimi ndiye waniuliza?”

“Nakuuliza kwa sababu sina mwingine wa kumuuliza.”

Alichoweza kufanya ni kubandua kile kikaratasi na kukichana. Alama ilibaki palepale ilipokwisha kuingia. Bi Mishi alirudi nyumbani jua limeshakaa sawa kichwani, ana ghadhabu na mfumo asioujua sura yake, ana ghadhabu na kitabu, na kila alipotaka kumkasirikia yule kijana akawa anakumbuka zile sindano tatu. Hata kugomba hakukumletea raha.

Subira aliporudi alasiri, akamkalisha mkekani mbele yake, akamwambia yote. Hakuficha kitu. Alitarajia mtoto aruke.

“Kwa hivyo cha Mbodze ulikifuma wewe?”

“Mimi.”

“Na cha Boga?”

“Mimi, mwanangu. Vyote kumi na vinne. Wewe peke yako ndiye uliyefuma chako. Nani mjinga hapo?”

Subira hakuruka. Alikunja uso kama anavyoukunja akihesabu. “Na mwalimu sasa anajua?”

“Anajua.”

“Na alama yangu ni ileile?”

“Ni ileile,” alisema Bi Mishi.

Kuku wa jirani aliingia, akafukuzwa, akatoka. Kisha Subira akauliza, “Mbona changu hukunifumia?”

Hilo alikuwa na jibu lake tayari, na alilitoa kwa fahari. “Kwa sababu nilitaka ujue. Kitambaa si kitu, kitambaa kitachakaa. Nilitaka kichwa chako kizoee kutulia na kuhesabu, na mikono yako ikusaidie kukumbuka. Hukuona ulivyofunguka? Ningekufumia, ningekuibia.”

“Na wao?”

“Wao wana mama zao. Mimi wangu ni wewe.”

Subira aliuchezea ukindu wa mkeka, hakuinua macho.

“Mbodze naye hesabu za kuzidisha hazijui, bibi. Huwa twalia pamoja, mimi naye, nyuma ya darasa. Siku ile mamake alipokuja, alikuja naye. Hukumwona? Alikaa pale mlangoni akikutazama unavyofuma, mpaka ukamaliza. Aliniambia alidhani utamwita.”